Kuishi Mjini Bila Gari: Mwongozo Kamili wa Kusafiri kwa Miguu na kwa Basi

Watu wengi wanaoanza kuishi mjini bila gari hujitwisha kazi isiyo ya lazima. Hujaribu kukariri namba za mabasi yote na majina ya vituo vyote, kisha huchoka na kusema kwamba usafiri wa umma hautabiriki. Mkazi wa kawaida huenda mahali palepale pachache wiki baada ya wiki, na kinachomfaa si wingi wa njia anazozijua, bali ni njia mbili au tatu zenye mabasi yanayopita mara kwa mara, pamoja na miguu iliyozoea kumfikisha kwenye njia hizo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatanguliza miguu, kisha basi linalopita mara kwa mara, hata kama kituo chake kiko mbali kuliko kile kilicho karibu na mlango wako.

Hatua ya kwanza: Andika safari zako

Chukua karatasi na uandike kila mahali unapokwenda kwa kawaida: kazini au shuleni, sokoni, zahanati, nyumba ya ibada, kwa ndugu na kwa marafiki. Mbele ya kila mahali andika unaenda mara ngapi kwa mwezi, unatakiwa uwe umefika saa ngapi, na unaondoka saa ngapi kurudi nyumbani. Saa ya kurudi ndiyo husahaulika, ilhali ndiyo inayoleta taabu, kwa kuwa basi linalopita kila baada ya dakika 10 asubuhi laweza kuwa linapita mara moja tu kwa saa giza likishaingia.

Zigawe safari hizo kwa uzito wake. Zile za kila siku ndizo zinazostahili kupangwa kwa makini, kwa sababu dakika 10 zinazopotea kwenda na 10 kurudi, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya saa moja na nusu kila wiki. Safari za mara mbili kwa mwaka, kama vile kuhamisha samani au kumpeleka mgeni uwanja wa ndege usiku wa manane, zisikutawale. Hizo zitapata gari la kukodi, na kununua gari kwa ajili yake ni hesabu mbaya hata kwa mwenye fedha.

Hatua ya pili: Jua miguu yako inafika wapi

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo mita 400 humchukua dakika 5 au 6, na kilomita moja dakika 12 hadi 15. Wapangaji wengi wa miji huchukulia mita 400 kuwa umbali ambao abiria hukubali kuutembea hadi kituo cha basi, na mita 800 hadi kituo cha treni. Makadirio hayo ni ya kuanzia tu. Pima mwendo wako mwenyewe katika kipande cha barabara unachokijua urefu wake, ukiwa na begi unalolibeba kila siku na viatu unavyovivaa kila siku, saa ileile utakayokuwa ukisafiri, kwa sababu kilima, jua kali na kusubiri kwenye taa za barabarani hubadilisha hesabu kuliko mtu anavyodhani.

Ukishaujua mwendo wako, linganisha safari fupi kwa uaminifu. Tuseme unakwenda umbali wa kilomita 2. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa utafika kwa dakika 24. Ukichagua basi, utatembea labda dakika 5 hadi kituoni, utasubiri dakika 8, utasafiri dakika 8 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kisha utatembea dakika 4 kutoka kituo cha kushukia. Jumla ni dakika 25. Mwendo huo wa basi haukupunguzwa kwa upendeleo, kwani basi la mjini, ukijumlisha muda wa kusimama vituoni na kwenye makutano, mara nyingi huenda kwa wastani wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Tofauti kubwa ni kwamba kwa miguu unajua utafika saa ngapi, ilhali zile dakika 8 za kusubiri zaweza kuwa 2 au 20. Ndiyo maana nashauri kila safari isiyozidi kilomita 2, isiyo na mzigo mzito wala mvua kubwa, ihesabiwe kuwa safari ya miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na anayetembea kwa haraka kidogo dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano kwa wiki, huzifikisha dakika hizo bila kutenga muda mwingine.

Jihadhari na umbali unaopimwa kwa jicho kwenye ramani. Mto, reli, barabara kuu isiyovukika na ukuta mrefu wa kiwanda huweza kuifanya nusu kilomita iwe kilomita mbili. Kwa upande mwingine, vijia na madaraja ya waenda kwa miguu ambayo dereva hayajui huweza kufupisha safari kwa kiasi kikubwa. Vitafute vijia hivyo mchana, kisha ujiulize kwa kila kimoja kama ungekubali kukipita saa mbili usiku. Kama jibu ni hapana, andika njia nyingine ya kurudia.

Hatua ya tatu: Chagua njia kwa wingi wa mabasi yake

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu, na ndipo watu wengi wanapokosea.

Ukifika kituoni bila kuangalia saa, na mabasi yakawa yanapita kwa nafasi zilizo sawa, utasubiri kwa wastani nusu ya muda unaopita kati ya basi moja na jingine. Tuseme mbele ya nyumba yako kuna njia yenye basi kila baada ya dakika 30, na umbali wa dakika 8 kwa miguu kuna njia nyingine inayoelekea kulekule yenye basi kila baada ya dakika 6. Njia ya kwanza itakugharimu dakika 15 za kusubiri kwa wastani. Ya pili itakugharimu dakika 8 za kutembea na 3 za kusubiri, yaani 11. Faida yenyewe haiishii katika dakika 4 hizo, kwa sababu ukilikosa basi la kwanza kwa sekunde chache umepoteza nusu saa, na ukilikosa la pili umepoteza dakika 6. Mtu anayetegemea njia ya pili huishi kwa utulivu zaidi, na huo utulivu ndio unaofanya maisha bila gari yavumilike mwaka hadi mwaka.

Kwa matumizi ya kila siku, njia yenye basi kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo haihitaji ratiba. Unatoka tu unapokuwa tayari. Njia yenye pengo la dakika 20 au zaidi itumiwe kwa ratiba tu, ukifika kituoni dakika chache kabla ya basi. Kati ya hapo, angalia saa unayosafiri na uzito wa shughuli inayokusubiri.

Nafasi kati ya mabasi hazibaki sawa siku zote, na kuna sababu yake. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kila kituo, kuwapandisha kunalichelewesha zaidi, na lile la nyuma yake hukuta vituo vimeshazolewa abiria, likaenda haraka hadi likalikaribia la mbele. Matokeo yake ni mabasi mawili yanayofuatana kwa karibu, kisha pengo refu. Njia ya dakika 10 ambayo mabasi yake yamekuwa yakija mawili mawili imegeuka kuwa njia ya dakika 20, na wastani wa kusubiri umepanda kutoka dakika 5 hadi 10 ingawa idadi ya mabasi haikupungua hata moja. Kwa hiyo, baada ya pengo refu, likija basi lililojaa hadi mlangoni, tazama nyuma yake kabla ya kujipenyeza. Mara nyingi la pili liko karibu na lina viti.

Mfumo wa basi lenye njia na saa maalumu si wa jana. Mwaka 1662, mjini Paris, mwanahisabati Blaise Pascal alishiriki kuanzisha magari ya kukokotwa na farasi yaliyopita njia zilizopangwa kwa nauli inayojulikana, na yaliyotakiwa kuondoka kwa saa zake hata yakiwa matupu. Hilo la kuondoka hata yakiwa matupu ndilo linalotenganisha aina mbili za usafiri hadi leo. Pale ambapo basi huondoka kwa ratiba, unasoma ratiba. Pale ambapo huondoka likijaa, ratiba yako ni kasi ya abiria kuingia, nayo hubadilika kwa saa. Fika stendi siku mbili tatu kwa saa yako ya kawaida, utazame basi huchukua muda gani kujaa, na uuchukulie muda huo kama muda wa kusubiri. Mwenye haraka huingia basi linalokaribia kujaa na kukubali kusimama. Mwenye nafasi huingia linalofuata na kuchagua kiti.

Kama kuna mabasi yanayopita katika njia yake maalumu iliyotengwa na magari mengine, yape kipaumbele hasa saa za foleni. Curitiba, nchini Brazili, ilianza kutumia njia za namna hiyo mwaka 1974, na Bogotá, nchini Kolombia, ilizindua mfumo wake mwaka 2000. Miji mingi imefuata, na mantiki yake ni ileile: basi lisilokaa kwenye foleni hukupa muda wa safari unaoweza kuutabiri.

Yote haya yana uzito zaidi unapotafuta nyumba ya kupanga. Kabla ya kulipa kodi, nenda ukasimame kwenye kituo kilicho karibu siku ya kazi asubuhi, uhesabu mabasi ya njia unayoihitaji kwa nusu saa, na uangalie mangapi yana nafasi. Maneno ya dalali kwamba usafiri upo hayatoshi.

Hatua ya nne: Fanya safari ya majaribio

Jaribu safari mpya siku ambayo huna miadi, lakini kwa saa na aina ya siku ileile utakayokuwa ukisafiri. Angalia alama mbili za kudumu zinazotangulia kituo chako cha kushukia, kama vile mnara, daraja au mzunguko, ili ujiandae mapema. Tafuta pia kituo cha kurudia siku hiyohiyo, maana si lazima kiwe mkabala na ulichoshukia. Katikati ya miji yenye mitaa ya upande mmoja kinaweza kuwa mtaa wa pili kabisa. Hakikisha namna ya kulipa, kwani baadhi ya miji haipokei tena fedha taslimu ndani ya basi. Mabasi ya London, kwa mfano, yaliacha kuzipokea mwaka 2014.

Programu za simu zinasaidia sana, mradi ujue zinachokijua. Huduma ya Google ya kupanga safari za umma ilianza mwaka 2005 katika mji wa Portland, Marekani, kwa sababu shirika la usafiri la mji huo lilikubali kutoa takwimu za ratiba zake, na hadi leo ubora wa programu unategemea takwimu inazopewa. Mahali ambapo mabasi hayaendi kwa ratiba, muulize mtu. Swali la ndiyo au hapana, kama vile iwapo basi hili linakwenda mahali fulani, huleta ndiyo nyingi za adabu au za biashara. Afadhali uulize mabasi ya kwenda huko husimama wapi, kisha umuulize mtu wa pili swali hilohilo.

Hatua ya tano: Kituoni na ndani ya basi

Simama mahali dereva anapoweza kukuona mapema, lakini hatua moja au mbili nyuma ya ukingo wa barabara, kwa sababu kioo cha pembeni na kona ya mbele ya basi hupita juu ya ukingo linapoegesha. Soma namba na kibao cha mwisho wa safari, si namba peke yake, maana mabasi yenye namba ileile huenda pande mbili na mengine hukatizia njiani. Andaa nauli au kadi kabla ya kupanda, na wapishe wanaoshuka kwanza.

Ndani, usisimame mlangoni kama safari yako ni ndefu. Shika nguzo kabla basi halijaondoka, kwani abiria wengi huanguka basi linapoondoka au linapofunga breki. Begi la mgongoni lishushwe na kushikwa mbele. Hilo huwapa wengine nafasi na pia huweka mali yako machoni pako. Katika safari ndefu ya mchana, fikiria jua litakuwa upande gani kabla ya kuchagua kiti: basi linaloelekea kaskazini asubuhi hupigwa na jua upande wa kulia. Anza kusogea kuelekea mlangoni kituo kimoja kabla ya chako.

Hatua ya sita: Kubadilisha basi

Watu huogopa kubadilisha basi kuliko inavyostahili. Mabasi mawili yanayopita mara kwa mara mara nyingi hukufikisha mapema kuliko moja la moja kwa moja linalopita kwa nadra. Badilishia mahali ambapo njia nyingi hukutana, penye mwanga na watu, na ikiwezekana kwenye kituo kilekile unachoshukia ili usilazimike kuvuka barabara.

Tahadhari iko katika mpangilio. Kama basi la nadra ndilo la kwanza, unajua saa yake na la pili utalipata wakati wowote. Kama la nadra ndilo la pili, kuchelewa kidogo kwa la kwanza kunaweza kukugharimu saa nzima, kwa hiyo, kwenye njia ya kwanza, panda basi linalotangulia lile ambalo hesabu inakuambia linatosha. Safari moja huwa na hali ya kwanza wakati wa kwenda na hali ya pili wakati wa kurudi. Ulizia pia kama tiketi yako inaruhusu kubadilisha basi ndani ya muda fulani bila kulipa upya.

Hatua ya saba: Tembea kwa usalama

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde, na dereva huhitaji muda wa kukuona na kuamua kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kwa hiyo njia bora ya miguu si lazima iwe fupi kuliko zote. Mtaa wa ndani ambamo magari huenda polepole unastahili kuongezewa dakika mbili.

Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande ambao magari yanakuja usoni pako ili uyaone, isipokuwa kama upande huo wenyewe ni wa hatari, kwa mfano kwenye kona kali. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani una kanuni hiyohiyo.

Barabara yenye safu mbili za magari kwa upande mmoja ina mtego unaostahili kuelezwa. Dereva wa safu ya karibu husimama kwa uungwana akakupungia mkono upite. Gari lake linakuficha usionwe na anayekuja katika safu ya pili, naye hana sababu ya kupunguza mwendo. Vuka hadi mwisho wa gari lililosimama, simama, chungulia, kisha ndipo uendelee. Kanuni hiyo inahusu pia basi uliloshuka: usivuke mbele yake wala kutokea nyuma yake ghafla, subiri liondoke ili uione barabara yote na barabara ikuone. Kwenye taa, hata kama mwanga wa kijani ni wako, watazame wanaokata kona. Basi au lori linapokata kona, magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, hivyo usisimame ukingoni kwenye makutano yenye magari makubwa.

Usiku, chukulia kwamba dereva hakuoni. Nguo nyeupe husaidia kiasi, lakini kipande cha kitambaa kinachoakisi mwanga kwenye begi au kifundo cha mguu huonekana kutoka mbali zaidi.

Hatua ya nane: Mizigo, watoto na mvua

Manunuzi ya mwezi mzima kwa mkupuo ni tabia ya mwenye gari. Bila gari, nunua kidogo kidogo ukiwa njiani kurudi, na vile vizito ama uletewe ama uvute kwa kikapu cha magurudumu. Mzigo mgongoni hukuchosha kidogo kuliko uleule mkononi, na huacha mikono yote miwili ya kushika nguzo ya basi. Mtoto mdogo atembee upande wa mbali na magari akiwa ameshikwa kiganja au kifundo cha mkono, na mpango wa safari ufuate mwendo wake, si wako.

Viatu ndivyo chombo chako cha usafiri, kwa hiyo fedha ambayo wengine huitia kwenye matairi itie hapo: soli isiyoteleza, nafasi ya vidole, na soksi kavu za akiba siku za mvua. Mwavuli unatosha kwa manyunyu. Penye upepo koti la mvua ni bora. Mvua kubwa huongeza foleni na hujaza mabasi, hivyo ondoka mapema kuliko kawaida au subiri ipungue, maana kutoka katikati yake hakukufikishi haraka.

Hatua ya tisa: Kurudi usiku

Kabla ya kutoka jioni, jua saa ya basi la mwisho, kisha ulichukulie la kabla yake kuwa ndilo la mwisho. Mwambie mtu wa nyumbani njia utakayorudia, simu iwe na chaji, na usitembee umeishika mkononi njia nzima. Baadhi ya madereva hukubali kumshusha abiria kati ya vituo nyakati za usiku. Uliza mapema, si ukiwa umeshakaribia.

Tenga kila mwezi fedha ya gari la kukodi, hata kama ni kidogo, na uitoe katika fungu la usafiri. Itumie bila kusita wakati basi limeshapita, mtoto amelala begani au njia ya miguu haina mwanga. Ikitumika, irudishe kwenye fungu lake mara upatapo kipato, kabla hujaipangia kazi nyingine.